Alikuja au Aliletwa: Urithi wa Utumwa katika Muziki wa Waswahili na Kazi ya Miradi ya Jamii



Mwezi Machi mwaka 1892 msafara mkubwa uliotoka Tanga ulishuka ndani ya kreta ya Ngorongoro. Kiongozi wake, Oscar Baumann, alikuwa Mwaustria aliyetumwa na kamati ya Kijerumani ya kupinga utumwa, kamati ambayo mfuko wake ulijazwa kwa bahati nasibu iliyochezeshwa huko Ujerumani. Alichokikuta humo ni njaa. Sotoka ilikuwa imewaua ng'ombe karibu wote, na Wamaasai waliobaki walikuwa wakijikokota kando ya kambi yake wakiomba mabaki ya chakula. Maafa ya miaka ile Wamaasai huyaita emutai. Baumann ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1894 kwamba wazazi walitaka kumwuzia watoto wao kwa kipande cha nyama. Alipokataa, waliwaacha watoto karibu na kambi kwa siri na kwenda zao. Muda si muda msafara ulijaa watoto wa Kimaasai, na wapagazi wakawa ndio walezi wao.

Msimuliaji wa habari hiyo alitumwa kwa jina la kupinga utumwa, naye akajikuta na watoto ambao hakuwanunua wala hakuwateka, lakini ambao wazazi wao walikuwa tayari kuwauza. Je, mtoto aliyeondoka Ngorongoro kwa njia hiyo aitweje? Mtumwa siye. Mgeni pia siye. Neno lolote atakalopewa litamwonea, na wala hakuna wimbo unaojulikana unaomtaja.

Mhadhara huu unaanzia huko bara kwa sababu maalumu. Miradi ya urithi inayotafuta historia ya utumwa katika muziki imezoea kwenda mahali palipo na soko, pango au bandari, kisha kuuliza: ziko wapi nyimbo za watumwa? Hebu swali hilo lipelekwe Arash, katika tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro. Njia ya misafara ya pembe za ndovu iliyoanzia Pangani ilipita kwenye nchi hizo za kaskazini, kwa Ngurumani na Sonjo, ikielekea Ziwa Viktoria. Mmisionari Farler aliiorodhesha vituo vyake mwaka 1882. Kwa hiyo kwenye ramani ya biashara ya karne ya kumi na tisa eneo hilo limo. Hata hivyo muziki wa Wamaasai wa Arash, kama wa Wamaasai wengine, ni muziki wa sauti: olaranyani huanzisha, kundi humpokea kwa mngurumo wa koo, miili ikaruka. Hauna ngoma ya kupigwa. Unasimulia ng'ombe, ushujaa, marika, na siku hizi ardhi. Mtafiti atakayefika na orodha yake ya maswali juu ya minyororo atarudi mikono mitupu, au, na hili ni baya zaidi, atarudi na wimbo uliotungwa kumridhisha.

Wala si ajabu. Aliyechukuliwa na msafara alitoka katika kundi la waimbaji pamoja na kutoka katika boma. Waliobaki waliendelea kuimba habari za waliobaki. Alama ya aliyeondoka haitafutwi alikotoka. Itafutwe alikofika, na huko huwa amekwisha kupewa jina jingine, lugha nyingine, mara nyingi na dini nyingine, na ngoma ambayo babu zake hawakuijua. Muziki wa pwani, basi, haukuhifadhi sana habari za kutekwa. Ulichohifadhi ni kazi iliyofuata: namna watu waliokatwa na ukoo wao walivyojitengenezea nafasi katika mji. Huo ndio urithi wenyewe, na miradi mingi inaupita bila kuuona kwa kuwa inatafuta kilio.

Kwa nini inatafuta kilio? Jibu limo katika historia ya miradi yenyewe. UNESCO ilizindua mpango wake wa Njia ya Watumwa mwaka 1994 huko Ouidah, Benin, na fikra zake za mwanzo zilitawaliwa na Bahari ya Atlantiki. Mwaka 2006 Tanzania iliingiza katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kupitia Mpwapwa na Tabora. Mwaka uliofuata Uingereza iliadhimisha miaka 200 ya sheria yake ya kukomesha biashara ya watumwa, na fedha za bahati nasibu ya taifa (bahati nasibu tena!) zikafadhili miradi mingi ya jamii: maonesho, kwaya, warsha za ngoma, tamthilia za shuleni. Miradi hiyo ilikuwa na fadhila zake. Lakini ilisimama juu ya msingi mmoja ambao haukuhojiwa, yaani kwamba wazao wa watumwa wapo, wanajijua, na wanataka kujitaja. Kwa watu wa asili ya Karibi wanaoishi Bristol au Liverpool msingi huo ni imara. Kule kujitaja ni sehemu ya kudai haki. Pwani ya Afrika Mashariki mambo ni kinyume.

Huku ukombozi ulikuja kwa vipande. Soko la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873. Hadhi ya kisheria ya utumwa ikaondolewa Unguja na Pemba mwaka 1897, lakini masuria wakaachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Pwani ya Kenya ilifuata mwaka 1907, na Tanganyika ilingoja mpaka mwaka 1922, Wajerumani wakiwa wameshaondoka. Baina ya tarehe hizo watu hawakukaa kusubiri karatasi. Walihama mashamba, walipanga vyumba Ng'ambo, waliingia katika vyama vya ngoma na katika tarika, waliwaoza binti zao. Mtu aliyeitwa mshenzi alipofika, mtoto wake aliitwa mzalia, na mjukuu wake akawa Mswahili tu, au Mhadimu, au Mshirazi. Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu burudani na siasa Unguja, ameonesha kwa kina jinsi mavazi, ngoma na mpira vilivyokuwa vyombo vya safari hiyo. Kimya kilichofuata hakikuwa usahaulifu. Kilikuwa ushindi uliopatikana kwa jasho la vizazi vitatu. Mwenye kuitisha mkutano katika ukumbi wa mtaa na kuwataka wazao wa watumwa wanyooshe mikono anawaomba watu waubomoe ukuta ambao bibi zao waliujenga, tena mbele ya majirani ambao bado hulitumia neno mtumwa kama tusi.

Lugha nayo imeshiriki kuficha na kufichua. Neno kibarua, ambalo leo hutumika kwa kazi yoyote ya kutwa, lilihusu kwanza mtumwa aliyekodishwa na kupewa kijibarua cha kazi, naye akampelekea bwana wake sehemu ya ujira. Mjoli, mtwana, mjakazi na suria yamebaki katika kamusi na katika ushairi. Vijana wengi hawayajui. Mtoro bin Mwenyi Bakari, aliyekusanya desturi za Waswahili katika kitabu kilichotolewa mwaka 1903, bado aliweza kuandika juu ya utumwa na juu ya ngoma bila kuona haya, kwani wakati wake daraja hizo zilikuwa zingali hai. Msomaji wa leo akivisoma vipande hivyo kwa pamoja ataona jambo ambalo mwandishi hakulihubiri: katika mji wa pwani, swali la nani anacheza ngoma gani, nani anapiga na nani anatazama, lilikuwa swali la cheo. Jonathon Glassman, katika utafiti wake wa mwaka 1995 kuhusu Pangani na miji jirani, amekwenda mbali zaidi na kuonesha kuwa ugomvi wa karamu na ngoma ulikuwa ndio uwanja wa kudai uraia wa mji.

Bagamoyo ni mfano unaohitaji kukaliwa kidogo. Karibu kila mgeni huambiwa kwamba jina la mji linatokana na kubwaga moyo, na kwamba waliobwaga ni watumwa waliokuwa wakikata tamaa mbele ya bahari. Maelezo hayo yamechongwa katika vibao, yamechezwa jukwaani, yameimbwa na watoto wa shule. Zamani za Wajerumani, hata hivyo, uliandikwa wimbo wa wapagazi unaoutaja mji huo kwa furaha: mzigo unatuliwa, moyo unapumzika, kuna ngoma na wanawake na mji mzuri. Wapagazi wa njia ya kati, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa kwa sehemu kubwa wafanyakazi wa ujira, kama alivyothibitisha Stephen Rockel mwaka 2006. Bandari kuu ya kusafirishia watumwa kwa muda mrefu wa karne ile ilikuwa Kilwa. Steven Fabian, katika makala ya mwaka 2013, amechunguza jinsi Bagamoyo ilivyogeuzwa kuwa Gorée ya Afrika Mashariki kwa mahitaji ya utalii kuliko kwa ushahidi.

Haya hayasemwi kuukana utumwa wa Bagamoyo. Ulikuwapo. Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliofika mwaka 1868, walianzisha huko kijiji cha watu waliokombolewa, na makaburi na majengo yao yangalipo. Linalosemwa ni kwamba wimbo wa furaha umegeuzwa kuwa wimbo wa msiba, na katika mageuzi hayo watu wawili wamepotea kwa pamoja. Mpagazi amepoteza fahari ya kazi yake. Mtumwa naye amepewa maneno ambayo si yake, kana kwamba yake mwenyewe hayafai kutafutwa. Wanafunzi wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni ya mji huo, iliyotokana na chuo kilichoanzishwa mwaka 1981, wana ustadi wa kutosha kuucheza wimbo wa mpagazi kama ulivyo. Kuuchezea majonzi ni rahisi mno kwa wasanii wa daraja lao.

Jambo kama hilo limetokea pia Mkunazini, Unguja. Wageni huoneshwa vyumba vya chini vya jengo la misheni kama mahabusu ya watumwa, ilhali wanahistoria kadhaa wametia shaka, kwa kuwa jengo hilo ni la baada ya soko kufungwa. Kituo cha maonesho kilichofunguliwa hapo katika miaka ya 2010 kina maelezo ya kina zaidi kuliko ya waongoza wageni wa zamani, na hilo ni la kushukuru.

Sasa, maneno ya waliokuwa watumwa yako wapi? Mahali pamoja ni Mombasa, katika mafunzo ya wari. Kitabu cha Sarah Mirza na Margaret Strobel, kilichotolewa kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili mwaka 1991 kwa jina Wanawake Watatu wa Kiswahili, kina masimulizi ya Mishi wa Abdala, mwanamke wa asili ya watumwa aliyekuwa mjuzi wa mambo ya makungwi. Wanawake walioletwa kutoka bara walikuja na ujuzi wa kumwingiza msichana utu uzima: nyimbo, mafumbo, michezo ya viuno, miiko. Mjini ujuzi huo ulichanganyika, ukavaa Kiswahili, ukawa mali ya pwani. Hapa daraja zinapinduka. Mwana wa muungwana alihitaji kufundwa, na anayefunda ni mwanamke ambaye mama yake alinunuliwa. Katika chumba cha wari, kwa siku zile, aliyedharauliwa barazani ndiye mwenye kauli. Hakuna wimbo wa hapo unaolalamikia mnyororo. Lakini hakuna ushahidi mkubwa zaidi wa utumwa wa pwani kuliko huo, kwamba ungwana wenyewe ulijifunza siri zake za ndani kwa waliowaita washenzi.

Unguja ngoma hiyo iliitwa unyago, na dunia iliijua kupitia Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013. Alipokuwa anapiga ngoma yake ndefu aliyoipanda na kuifunga kiunoni, watazamaji wa ng'ambo walishangilia umri wake na sauti yake. Wachache waliuliza ngoma yenyewe imetoka wapi. Familia hiyo ya ngoma ndefu za kusimama, msondo, imeenea bara kusini na pwani. Na jina lenyewe msondo linapatikana Oman na Ghuba, katika ngoma ya leiwa, inayopigwa na watu wa asili ya Afrika Mashariki pamoja na zumari. Katika nyimbo za leiwa mmebaki maneno ya Kiswahili ambayo baadhi ya waimbaji wake hawayafahamu tena. Kule Gujarat, India, Wasidi huita ngoma yao goma. Mwanaisimu hahitaji zaidi ya konsonanti hiyo moja iliyodondoka ili ajue meli zilikwenda upande gani.

Mahali pa pili pa kusikiliza ni taarabu. Muziki huu ulikuzwa katika jumba la Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, na uliimbwa kwa Kiarabu. Aliyeutoa humo akaukalisha katika Kiswahili cha Ng'ambo ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba wa kiasi cha mwaka 1880, mfinyanzi na mchuuzi wa vyungu, ambaye wazee wake asili yao ni bara, Unyamwezi na Uzigua. Shaaban Robert, aliyemwandikia wasifu, ameeleza kwamba jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Siti ni jina la heshima alilopewa baadaye. Inafaa kutahadhari: watoto wa watu huru pia wamepata kuitwa Mtumwa kwa sababu za kiimani na za kinga, na jina peke yake si hati ya ukoo. Lakini kusikia kwa majirani hakungoji hati. Mwanamke aliyeitwa Mtumwa akaja kuitwa Siti, yaani bibi, amefanya kwa nafsi yake moja ile safari iliyowachukua wengine vizazi vitatu.

Na aliimba nini? Hakuimba soko wala jahazi. Aliimba mapenzi, aliimba dini, na aliimba mahakama. Wimbo wake kuhusu Kijiti, mwuaji aliyekimbilia bara huku lawama za sheria zikiwashukia wanawake waliokuwa wenzake marehemu, uliwaambia wakazi wa Ng'ambo kile walichokuwa wakikiona kila wiki: kwamba uhuru wa mwaka 1897 haukumpa mnyonge hakimu wa kumsikiliza. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo, na sahani zile zikasikika kila penye Kiswahili. Hapo ndipo urithi wa utumwa ulipo katika taarabu ya Siti: haupo katika kumbukumbu ya kutekwa, upo katika ukali wa sikio lake kwa dhuluma ya baada ya hapo. Mradi unaomweka Siti chini ya kichwa cha habari cha "ukombozi wa mwanamke" na kuacha asili yake, umemkata nusu. Unaomweka chini ya "muziki wa watumwa" nao umemrudisha kwenye jina alilolivua.

Basi kazi ya miradi ya jamii ni nyembamba kuliko inavyodhaniwa, na ngumu zaidi. Tanzania iliridhia mwaka 2011 mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi wa utamaduni usioshikika, na mkataba huo unataka jamii zenyewe zishiriki kutambua mali yao. Kushiriki kunajumuisha haki ya kunyamaza. Nyimbo za unyago nyingi si za kuimbwa mbele ya wanaume wala kamera, na kungwi akisema fumbo fulani halifumbuliwi nje ya chumba, hilo ni sehemu ya data, wala si pengo la kuzibwa kwa kishikwambi kilichofichwa. Kwa upande mwingine, kimya kisigeuzwe kisingizio cha uvivu. Waliojua leiwa kwa maana zake, waliojua mashairi ya vyama vya lelemama vya Mombasa, waliojua ni mtaa upi wa Ng'ambo ulicheza ngoma gani na kwa nini mtaa wa pili ulikatazwa, wanapungua kila mwaka, na idara za Kiswahili zina wanafunzi wa kutosha wanaotafuta mada za tasnifu.

Hapa ndipo taaluma ya lugha ina mchango ambao wanahistoria peke yao hawawezi kuutoa. Mzee wa Bagamoyo akiulizwa habari za ngoma ya kwao, anaweza kujibu kwamba babu alikuja nayo kutoka Unyamwezi. Kitenzi ni alikuja. Mkusanyaji mwenye haraka, aliyekwisha kusoma vibao vya mjini, huandika aliletwa. Herufi chache zimebadilika, na mpagazi huru amekuwa mateka. Au pengine mateka ambaye mjukuu wake alichagua kwa makusudi kusema alikuja amenyang'anywa uchaguzi huo. Kadi ya kumbukumbu iandikwe kama mzee alivyotamka, pamoja na jina la aliyemfundisha ngoma, mahali ilipochezwa, nani waliruhusiwa kuingia uwanjani na nani walitazama kwa nje. Na kama ameomba jambo fulani lisichapwe akiwa hai, liandikwe hivyo pia, kwa tarehe na kwa sahihi yake.